Tumbo Lisilo na Alama

Ninaandika haya nikiwa nimekaa wima kwenye kiti. Kwa watu wengi hilo si jambo la kutangaza. Lakini makala zangu nyingi, zikiwemo zile za kuwafundisha wenzangu namna ya kuishi, niliziandika kitandani, magoti yakiwa kifuani, nimejikunja kama jongoo aliyeguswa. Mhariri mmoja aliwahi kusifu utulivu wa lugha yangu. Hakujua kwamba nilikuwa naogopa kujigeuza.

Sasa ninakaa wima, na kabla sijaizoea hali hii nikaisahau ile nyingine, nataka kumwandikia msichana ambaye leo hii amejikunja mahali fulani, anaambiwa kwamba kila mwanamke yanampata. Mambo ya kitabibu sitayaeleza. Nilijaribu kuyasoma, nikaelewa nusu, na hiyo nusu ikaninyima usingizi.

Nilivunja ungo mwezi wa saba, wakati ambao Njombe ukungu hauondoki mpaka watu wameshachimba nusu ya viazi. Mama hakuniuliza nimeumia wapi. Aliingia jikoni, akachukua tofali la kuchoma lililokuwa kando ya mafiga, akalipasha kwenye majivu ya moto, akalizungushia kipande cha blanketi kuukuu, akanifunga nalo tumboni kwa kanga. Tofali lile nilikuwa nimeliona pale maisha yangu yote, kingo zake zimelika, nikidhani ni la kuegemezea sufuria.

"Tulia," akaniambia. "Sisi ndivyo tulivyo."

Nikatulia kadiri mtu anavyoweza kutulia huku anatapika. Wenzangu shuleni nao waliumwa matumbo, lakini waliumwa wakaenda kuchota maji. Mimi nililala kwenye sakafu ya bweni nikiwa nimeshika mguu wa kitanda, na matroni akaniruka akielekea kwingine, kwa sababu alikuwa ameshanizoea.

Nyumbani kwetu kulikuwa na elimu mbili juu ya jambo hili. Ya kwanza ilihusu maumivu yenyewe. Hayo, kwa maelezo ya Mama, yaliletwa na mwenendo: kukanyaga umande bila viatu, kunywa maji ya baridi, kula plamu mbichi, kukaa kwenye jiwe. Ukiumwa, ina maana kuna mahali ulikaa. Mwezi baada ya mwezi nilijichunguza kama mshitakiwa, nikakumbuka jiwe fulani, nikaapa kutolikalia tena.

Elimu ya pili ilihusu alama. Baada ya mwaka mmoja hivi wa kufungwa tofali, ngozi ya tumbo langu chini ya kitovu ilianza kuchora mistari ya kahawia, ikapishana na kushikana kama wavu. Niliogopa nikamwonyesha Mama. Yeye alifurahi. Akafunua blauzi yake, na pale palikuwa na wavu uleule, mkubwa zaidi na mweusi zaidi. Akasema bibi yangu alikuwa nao, na mama wa bibi pia. Ilikuwa alama ya damu yetu. Mwanamke wa kwetu anazaliwa nayo kwa ndani, nayo inajitokeza akikua. Aliye nayo, huyo anaumwa kweli na anastahili tofali na uji. Asiye nayo anatafuta kukwepa jembe.

Mdogo wangu Yusta hakuwa nayo. Siku zake zilikuja na kuondoka kama mgeni mwenye adabu, akaendelea kulima na kucheza netiboli. Nakiri nilimringia kidogo. Mimi nilikuwa na alama, yeye alikuwa na afya tu.

Nilipopata nafasi ya chuo kikuu, Mama alinifungia tofali langu mwenyewe ndani ya sanduku, katikati ya nguo. Pale stendi utingo alilinyanyua sanduku, akalirudisha chini, akauliza kama nimebeba mawe. Nikamwambia ni vitabu. Akasema basi vitabu hivyo vimeandikwa na mafundi ujenzi. Na chuoni, katika mji wa joto ambako watu walilala na feni, mimi nililipasha tofali kwenye jiko la umeme tulilokatazwa kuwa nalo, mpaka siku moja nikazima taa za ghorofa nzima. Nilikuwa msichana pekee wa shahada ya fasihi aliyejulikana kwa vifaa vya ujenzi.

Nimekuwa nikichekesha watu kwa hadithi hiyo miaka mingi. Ninachoruka ninapoisimulia ni kwamba wenzangu walipotoka kwenda kutafuta mishumaa, mimi nilibaki gizani na tofali likipoa, na hakuna aliyegundua kuwa sikutoka.

Baadaye nilipangiwa kufundisha Makambako, nikapanga nyumba Mahongole, nikaolewa. Mume wangu alikuwa mtu mwema. Watu walituambia nikizaa maumivu yataisha, chango la tumbo likikutana na mtoto linanyamaza. Sikuzaa. Kila mwezi kulikuwa na siku ambazo hakuweza kunigusa hata bega, naye akajifunza kutembea polepole ndani ya nyumba, kisha akajifunza kuchelewa kurudi, mwishowe akapata kazi Mbeya. Hatukugombana. Nilitamani tugombane, walau ningejua ni siku gani aliondoka.

Nilipobaki peke yangu nikahamia kwenye elimu ya kisasa, ambayo kumbe haikuwa mbali na ya Mama. Magazeti na simu vilisema ni mtindo wa maisha. Nikaacha kahawa. Nikaacha soda, chumvi, nyama nyekundu, na kwa majuma machache nikaacha furaha yote. Nikaanza kukimbia alfajiri, huku upepo wa Makambako ukinisukuma ubavuni na vijana wa bodaboda wakinipungia. Mmoja alinifuata taratibu akaniuliza, "Mwalimu, nani anakufukuza?" Mazoezi yalinisaidia kidogo, sitayasingizia. Siku za kawaida nililala vizuri zaidi. Lakini siku zenyewe zilipofika, zilinikuta na mapafu imara na maumivu yaleyale.

Kisha yakazidi. Nilipofika umri ambao wenzangu walianza kuyasahau, mimi siku tatu zikawa kumi, na damu ikaja mpaka nikawa nafundisha nimevaa sketi mbili nyeusi. Kidato cha pili nilikifundisha ushairi nikiwa nimeegemea ubao. Siku moja ubao ukanikataa, nikaanguka mbele yao. Mwanafunzi mmoja akaenda kumwita mkuu wa shule, wengine wakanifunika na masweta yao, na nilipoamka nikiwa chini ya rundo lile la sufu ya kijani niliona ni mara ya kwanza mtu kunifunika tangu mume wangu aondoke.

Hapo ndipo nilipoanza kwenda hospitali, na hapo ndipo nilipojifunza mabenchi. Kwetu mtu akiumwa, ukoo mzima unahamia hospitali. Wanakuja na chupa za chai, makande kwenye ndoo ndogo, mablanketi, na shangazi mmoja wa kuwauliza manesi maswali. Lakini ugonjwa huu hausindikizwi. Utamwambia nani aache shamba lake akusindikize kwa sababu ya hedhi? Kwa hiyo nilikaa peke yangu katikati ya familia za watu, pochi mapajani, nikisogea benchi moja baada ya lingine kuelekea mlango. Mama mmoja mwenye mtoto aliyevunjika mkono aliniuliza nimekuja kumwona nani. Nikasema, mgonjwa wangu. Akanimiminia chai. Nilikunywa chai ya watu kwa uongo huo miezi mingi, na hadi leo sijawahi kunywa iliyo tamu zaidi.

Huyu alinipa vidonge vya minyoo, yule akanipa vya njia ya mkojo, mwingine akanishauri kupumzika. Daktari wa kwanza aliyenilaza kitandani na kuniambia nifunue tumbo alikuwa mwanamke, katika hospitali moja ya misheni huku juu Njombe. Alitazama wavu wangu, akapitisha kidole juu yake.

"Mama, nani amekuchoma?"

Nikacheka. Nikamweleza kwa fahari ya msomi anayefafanua mila kwamba hiyo ni alama ya ukoo, inarithiwa kwa upande wa mama. Aliniacha nikamaliza. Kisha akaniuliza tunajikanda na nini. Nikamwambia. Akasema hiyo ni ngozi iliyopikwa polepole kwa miaka. Yeyote anayeweka kitu cha moto mahali pamoja kila mara, ataipata. Joto linafariji, kitambaa cha uvuguvugu hakina ubaya, ila sisi tulikuwa tumejibanika.

Halafu akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: kama mama yangu naye aliumwa hivi. Na mama yake. Nikasema ndiyo, wote. Akaitikia kwa kichwa. Kilichorithiwa, akasema, huenda ni maumivu hayo.

Niliondoka pale nikiwa na karatasi ya vipimo na kichwa kinachovuma. Tulikuwa tumeyageuza. Alama, iliyotoka kwenye mwenendo wetu, tuliiita damu. Maumivu, yaliyokuwa kwenye damu, tuliyaita mwenendo. Vizazi vinne vya wanawake wenye akili zao, na mmoja wao ana shahada mbili, na hakuna aliyewahi kulitilia shaka tofali.

Vipimo vilionyesha kwamba kilichopaswa kuota ndani ya kizazi kilikuwa kimeota hadi kwenye ukuta wake na nje yake. Walianza na sindano, moja kila mwezi, tangu mvua za masika hadi baridi. Sindano zile zilininyang'anya hedhi na kunipa joto. Mwezi wa saba, Njombe nzima imevaa makoti, mimi nilitembea sokoni na blauzi ya mikono mifupi huku jasho likinitoka, wauza viazi wakinitazama kama mtu aliyepungukiwa. Nywele zilinikatika. Nililia kwenye harusi ya watu nisiowajua. Lakini miezi ile sikuumwa, nikagundua jinsi mwezi ulivyo mrefu. Sikujua watu wenye afya wana siku nyingi kiasi kile.

Sindano haziwezi kuendelea milele. Zilipokoma yalirudi, na mwezi wa kumi na moja, mvua za kwanza zilipoanza, nikakubali kutolewa kizazi. Usiku wa kuamkia upasuaji nesi aliuliza ndugu zangu wako wapi. Nikasema wanakuja. Mama alifika baada ya siku chache, amevaa sweta lake la kanisani, akaketi kando ya kitanda akanimenyea viazi vya kuchemsha kimoja kimoja. Majirani alikuwa amewaambia nina homa. Hakuuliza walitoa nini. Alipoondoka alinifunika miguu, akarudi tena akaifunika upya, ingawa ilikuwa imefunikwa.

Niliporuhusiwa nilikwenda kupona kwake, mtaa wa Ramadhani, na hapo ndipo palipo sababu hasa ya mimi kuandika.

Yusta anakaa jirani na Mama, anafanya biashara ya parachichi. Binti yake, Upendo, yuko kidato cha tatu, shule ya bweni. Desemba ile alirudi likizo mapema kuliko wenzake, amekonda, na barua ya shule isemayo anakosa vipindi mara kwa mara. Siku ya pili nilimwona nyuma ya nyumba, amechuchumaa kwenye ukuta, mikono tumboni, anapumua kwa mdomo. Nilikuwa mwenyewe natembea nimeshikilia mshono. Nilimtambua kama mtu anavyojitambua kwenye picha ya zamani.

Lakini Mama na Yusta walikuwa wamekwisha kata shauri. Jioni ile jikoni Mama alimwambia Upendo afunue blauzi, akamsogeza kwenye mwanga wa moto. Tumbo lilikuwa safi, laini kama ganda la yai.

"Hana," Mama akasema. "Na mama yake hana. Chango atalipata wapi?"

"Si nilisema mimi?" Yusta akadakia. "Huyu ni uvivu. Januari harudi. Nitamweka kwenye kupanga parachichi, akichoka kwa haki nitamwona."

Upendo alishusha blauzi yake polepole, akaendelea kutazama moto. Ninaujua utazamaji ule. Ni wa mtu aliyeanza kukubaliana nao.

Nikasema hana alama kwa sababu shule yao hairuhusu jiko bwenini, na nyumbani hakuna anayemfunga tofali. Nikasema alama ni ya tofali. Mama alinitazama kwa huruma ya mtu aliyelipa ada bure. Nikafunua tumbo langu, nikawaonyesha wavu ulivyoanza kufifia tangu niache kujikanda. Mama akasema unafifia kwa kuwa nimetolewa kizazi, mti ukikatwa mizizi majani hayakai. Hoja yangu ikafia hapo. Nimesimamia midahalo ya shule miaka mingi na sijawahi kuona hoja ikizikwa vizuri hivyo.

Nikabaki natazama sakafu, na kwenye sakafu ndimo ilimokuwa miguu ya Mama. Siku hizi magoti yanamsumbua, kwa hiyo kila asubuhi anakaa kwenye kigoda ameinyooshea moto miundi yake. Nikainama kwa shida, nikavuta kitenge chake juu kidogo. Miundi yote miwili, kwa mbele tu, upande unaotazama moto, ilikuwa imejaa wavu.

"Na hii, Mama? Nayo ni ya hedhi?"

Akaitazama miguu yake kana kwamba imeletwa na mtu mwingine. Yusta akaanza kucheka. Nikamwambia naye apandishe sketi, maana kila baridi anashinda sokoni na jiko la mkaa katikati ya miguu. Akakataa. Upendo, kwa mara ya kwanza tangu afike, akasema kitu. Alisema, "Mama unayo, nimeiona ukioga."

"Karibu kwenye ukoo," nikamwambia mdogo wangu.

Yusta akasonya, akageuza uso, ila hakubisha. Mama hakucheka. Alikishusha kitenge chake, akakilainisha juu ya magoti.

"Sasa kama si alama," akauliza, "mtu atajuaje kwamba mwenzake anaumwa kweli?"

Nikajibu nikiwa bado nimeinama. "Atamwuliza, Mama. Halafu atamwamini."

Mama alimwambia Upendo avae sweta.

Asubuhi nilipomtoa Upendo kwenda hospitali tulimkuta Mama mlangoni, amevaa sweta la kanisani, mkononi chupa ya chai. Hakutuambia anakuja. Alitembea mbele yetu. Kwenye benchi alikaa katikati, akatumiminia chai, akamwuliza mama wa pembeni anaumwa nini, akamwambia bila kuulizwa kwamba sisi tumemleta mtoto, anaumwa siku zake. Alilisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema mtoto ana mafua. Mimi nilikuwa na umri wa kutosha kuwa bibi, na ndiyo mara yangu ya kwanza kulisikia neno hilo likitamkwa mbele ya watu bila kichwa kuinamishwa.

Daktari alikuwa yuleyule. Alimsikiliza Upendo kwa muda mrefu, bila haraka, kuhusu kutapika, kuhusu kuzimia bafuni, kuhusu mitihani. Akamwandikia vidonge vya kuanza kabla maumivu hayajaanza, si baada, akamtaka arudi apimwe kama havitatosha, akasema atamwandikia barua ya shule. Kisha akauliza kama kuna mwingine kwenye familia. Nikafungua mdomo.

"Mimi," Mama akasema. Akanyoosha mkono kidogo, kama yuko darasani. "Na mama yangu. Na huyu mkubwa, huyu ulimpasua. Andika."

Daktari akaandika. Mama akasubiri amalize.

"Hivyo vidonge anavyopewa mtoto," akauliza, "wakati wetu vilikuwepo?"

Daktari ni kijana, angeweza kudanganya kwa upole. Alimtazama Mama kidogo. "Vya namna hii vilikuwepo, bibi. Si kila mahali. Lakini vilikuwepo."

"Haya," Mama akasema.

Akainuka akatoka. Tulipomaliza kwenye dirisha la dawa nilimwona amekaa kwenye ukuta mfupi karibu na geti, peke yake, anatazama mvua iliyokuwa ikijikusanya juu ya mikaratusi. Nilitaka kwenda, nikasimama. Upweke ule niliujua kwa ramani yake yote, nikadhani kwa hiyo ni wangu kuutuliza. Miaka yote nilipokuwa nikijisikia mtu pekee duniani, yeye alikuwa chumba cha pili, anapasha tofali, akijisikia hivyohivyo.

Upendo hakusimama. Alivuka ua, akaketi kwenye ukuta ule bega kwa bega na bibi yake, pakiti ya dawa mkononi. Nilikuwa nimesogea karibu vya kutosha nilipomsikia Mama akikohoa kusafisha koo.

"Shule inafunguliwa lini?"